Upepo ulioezua mabati Utawala: ulizunguka au ulishuka?

SWALI: Habari yako mtaalamu. Sisi tunaishi mtaa wa Utawala, Nairobi. Mvua zilipoanza, saa kumi hivi alasiri, upepo ulivuma dakika chache tu ukaezua nyumba yetu na za majirani. Mabati yetu tuliyaokota upande wa kusini. Dada yangu anaishi Mihang'o, kama kilomita mbili kaskazini mwetu, na yake yalirushwa kaskazini zaidi. Kanisani, upande wa magharibi, mti uliangukia magharibi. Wazee wa mtaa wanasema ni kimbunga, kilikuwa kinazunguka, ndiyo maana kila mtu alipigwa kivyake. Shemeji yangu aliye Cedar Rapids, Marekani, anasema hiyo ni derecho kama iliyowapiga wao 2020. Nani yuko sawa? Na nikirudisha paa, nifanye nini lisitoke tena? Mama Zawadi.

JIBU: Mama Zawadi, poleni sana, wewe na majirani. Naanza na wazee wa mtaa kwa sababu hoja yao ina mantiki, ila ushahidi uliouleta mwenyewe unawapinga.

Chora ramani ndogo. Weka nukta mahali fulani kati ya kwenu na kwa dada yako. Nyumba yako iko kusini mwa nukta hiyo, na mabati yakaenda kusini. Ya dada yako iko kaskazini, mabati yakaenda kaskazini. Kanisa liko magharibi, mti ukalalia magharibi. Kila kitu kilisukumwa kutoka katikati kwenda nje. Upepo unaozunguka hauachi alama kama hizo. Ungekuwa unaizunguka nukta ile, nyumba yako ingepigwa ubavuni: mabati yangeishia mashariki au magharibi, na ya dada yako yangeenda upande ulio kinyume na wenu. Tena tonado, ule upepo mwembamba unaozunguka chini ya wingu la radi, huvuta hewa ya chini kuelekea kwenye kiini chake, kwa hiyo miti ya pembezoni mwa njia yake mara nyingi huangukia ndani. Na njia yenyewe kwa kawaida ni nyembamba, mita makumi au mia kadhaa. Kukupata wewe na dada yako kwa dakika zilezile ingekuwa kazi.

Kimbunga cha baharini, kama Hidaya kilichotua Kisiwa cha Mafia Mei 2024, tukiweke kando kabisa. Kile hulishwa na maji ya bahari yenye joto, na husokotwa na mzunguko wa dunia. Karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu mno. Nairobi iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani, na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hakifiki.

Kilichowapiga kilitoka juu. Ndani ya wingu la radi kuna hewa inayopanda na hewa inayoshuka. Tumezoea kuiona inayopanda, ndiyo hujenga ile minara myeupe ya mawingu alasiri juu ya Ngong au upande wa Machakos. Mvua na mawe ya barafu yakishakuwa mazito kuliko hewa hiyo inavyoweza kubeba, huanza kuanguka, na katika kuanguka huburuta hewa pamoja nayo. Hapo bado hakuna wa kuezuliwa. Ukali huja matone yanapotoka chini ya wingu yakakuta hewa kavu. Sehemu yake hukauka kabla ya kufika ardhini, na maji yakigeuka mvuke hula joto la hewa iliyo karibu nayo. Gramu moja ya maji ikikauka ndani ya kilo moja ya hewa, hewa hiyo hupoa kwa nyuzi 2.5 za Selsiasi. Gramu tatu, zaidi ya nyuzi 7. Hewa iliyopoa ni nzito kuliko ile iliyo kando yake, kwa hiyo huzama.

Kuna kizuizi hapo: hewa inayoshuka hubanwa, na ikibanwa hupata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Ingeachwa hivyo ingesimama njiani. Lakini matone bado yanakauka ndani yake, na mawe ya barafu yakiyeyuka huongeza baridi, basi inabaki nzito hadi chini. Ikigonga ardhi haina pa kwenda ila pembeni, pande zote kwa pamoja. Mwenye nyumba ya kusini anapigwa kuelekea kusini, wa kaskazini kuelekea kaskazini. Sisi wa hali ya hewa huita tukio hilo daunbasti, na likiwa dogo, eneo la chini ya kilomita 4 kwa upana, ni maikrobasti. Upepo wake mkali hudumu dakika 2 hadi 5 hivi. Hizo ndizo dakika chache ulizotaja.

Niongeze kwamba wingu mara nyingi linakuwa safarini wakati linamwaga hewa hiyo, kwa hiyo upande linakoelekea hupigwa zaidi na upande wa nyuma huguswa kidogo. Usishangae ukikuta mtaa mzima umelalia upande mmoja, huku wachache tu nyuma yake wakiwa na alama za kinyume.

Sasa angalia msimu. Ulisema mvua zilipoanza, na hilo kwangu ni muhimu kuliko saa. Wenyeji wa Nairobi huogopa Aprili kwa sababu ya mafuriko, na wana haki. Kwa upepo, mimi huangalia zaidi wiki za kwanza za masika mwezi Machi, na za vuli mwezi Oktoba. Kuna hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe. Ripoti za uwanja wa ndege wa JKIA, ambao kwenu ni karibu, hutoa kila saa namba mbili: joto la hewa na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ingelazimika kushukia ndipo mvuke wake uanze kuwa maji. Toa ya pili kwenye ya kwanza, kisha zidisha kwa 125. Jibu ni takriban mita ngapi kutoka ardhini hadi chini ya wingu litakaloota alasiri hiyo. Siku ya mwanzo wa mvua, joto likiwa nyuzi 28 na umande 12, unapata mita 2,000. Hizo ni kilomita mbili za hewa kavu ambazo matone yatapita yakikauka na kupoza. Mwisho wa Aprili, joto likiwa 22 na umande 16, unapata mita 750. Wingu la pili laweza kumwaga maji mengi zaidi ya la kwanza, ila halina pa kupatia ule mwendo.

Jambo hili lilichelewa kueleweka hata na wataalamu. Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya Eastern Air Lines ilianguka ikikaribia kutua uwanja wa John F. Kennedy, New York, watu 113 wakafa. Ndege nyingine zilikuwa zimetua hapo dakika chache tu kabla yake. Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alipoulizwa maoni alikumbuka alichokiona mwaka uliotangulia akipiga picha kutoka angani baada ya tonado nyingi za Aprili 1974: mahali pengine miti haikuwa imesokotwa, ilikuwa imelala kutoka katikati kwenda nje. Alikuwa ameona umbo kama hilo akiwa kijana mwaka 1945, alipokwenda kukagua Hiroshima na Nagasaki baada ya mabomu. Wenzake wengi hawakumwamini, kwa sababu waliamini hewa inayoshuka huisha nguvu kabla ya kufika chini. Mwaka 1978 akapeleka rada karibu na Chicago na kuipima. Ajali ya Delta huko Dallas Agosti 1985, iliyoua watu 137, ndiyo iliyomaliza ubishi. Kwa rubani hatari yake iko hivi: akiingia anapata upepo wa mbele unaoinua ndege, anapunguza nguvu ya injini, kisha anasukumwa chini, halafu upepo unageuka kuwa wa nyuma na ndege inakosa hewa ya kuibeba. Ukiwa JKIA au Wilson ukaona ndege inaacha kutua na kupanda tena wakati wingu jeusi limekaa mwisho wa njia, rubani anafanya alichofunzwa.

Twende kwa shemeji yako. Hajakosea sana, amekosea ukubwa tu. Derecho imejengwa kwa miporomoko ya hewa hiyohiyo, yaani daunbasti, lakini mingi, iliyoshikana bega kwa bega katika mstari mmoja wa dhoruba unaosafiri kwa saa nyingi. Kipimo kilichotumika tangu 1987 kinataka uharibifu wenye urefu wa kilomita 400 au zaidi, na vipigo vya upepo visivyopungua kilomita 93 kwa saa; wapo wanaotaka kilomita 650 kabisa. Ile ya tarehe 10 Agosti 2020 ilianzia South Dakota ikafika Ohio, kama kilomita 1,240 kwa saa 14. Karibu na Cedar Rapids, mahali paitwapo Atkins, kipimo kilisoma kilomita 203 kwa saa, na ndani ya mji wenyewe wakaguzi waliokadiria kwa kuangalia majengo walifikia kama 225. Ninyi mlipigwa dakika chache. Wao walipigwa zaidi ya nusu saa mfululizo. Mji ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake, mamilioni ya ekari za mahindi na soya yakapigwa, na hasara nzima ikakadiriwa kuwa dola bilioni 11. Kwa mtu aliyepitia hayo, upepo wowote unaokwenda moja kwa moja utamkumbusha siku ile, na simlaumu.

Kwa nini yao ilisafiri na yenu ikafia Mihang'o? Hewa baridi ikishamwagika chini, hukimbia mbele ya dhoruba na kuinua hewa ya joto iliyo mbele yake. Hapo linaota wingu jipya. Likiota juu ya ukingo wa ile baridi, litanyesha, litaongeza baridi, na mchezo unaendelea. Ili libaki pale linahitaji upepo wa juu, kilomita 3 hadi 6 kutoka ardhini, wenye nguvu nyingi kuliko wa chini. Marekani ya kati wakati wa kiangazi chao inao, unaotokana na mikondo mikubwa inayotenganisha hewa ya kaskazini na ya kusini. Mkondo huo pia huingia dhoruba kwa nyuma na kuishusha nguvu yake chini, ndipo mstari wa mvua kwenye rada unapinda kama upinde. Juu ya Nairobi upepo wa kimo hicho siku nyingi ni mpole. Hewa baridi hukimbia ikaliacha wingu nyuma, wingu linakatiwa chakula chake, na baada ya nusu saa au saa moja limekwisha. Afrika inayo mistari mirefu ya dhoruba, lakini iko Sahel, ambako mkondo wa mashariki wa kimo cha kilomita 3 au 4 huisukuma kuelekea magharibi mamia ya kilomita.

Hapa nyumbani upepo mkali wa kwenda moja kwa moja unaopatikana mara kwa mara ni ule wa Turkana, na hauhusiani na mvua hata kidogo. Hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na miinuko yetu, ndiyo maana kule Loiyangalani kumesimamishwa mitambo 365 ya kuzalisha stima. Ule mtu anaweza kuupangia ratiba.

Umeniuliza kuhusu paa, na hapa nitakaa kidogo. Watu hudhani upepo huling'oa paa kwa kulisukuma. Huliinua. Hewa ikipita kwa kasi juu ya mteremko wa mabati huyafyonza kwenda juu, na kwenye kingo, hasa pembe na sehemu inayotokeza nje ya ukuta, mfyonzo huo unaweza kuwa maradufu. Nguvu yake haiongezeki sawasawa na mwendo. Upepo wa kilomita 60 kwa saa, kwa hewa yetu nyepesi ya Nairobi, hukandamiza kama kilo 14 kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 120 hukandamiza kama kilo 56, mara nne. (Mombasa, ambako hewa ni nzito, upepo huohuo ungekandamiza karibu moja ya tano zaidi.) Sasa chukua bati moja la geji 30, la mita 3. Eneo linalofunika ni kama mita 2.4 za mraba, na uzito wake ni kilo 6 hivi. Kwa kilomita 90 kwa saa nguvu inayoweza kuliinua ni kama kilo 75, na ukingoni zaidi. Uzito wa bati hausaidii chochote hapo. Kila kitu kiko juu ya misumari.

Na misumari hulegea bila upepo. Bati la mita 3 likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi jua la saa nane hurefuka kwa milimita moja na kitu, jioni linarudi. Miaka kadhaa ya hivyo, tundu linapanuka na msumari unaanza kutoka kwenye mbao. Panda ngazi uangalie majirani ambao mabati yao hayakung'oka: utakuta vichwa vya misumari vimeinuka, hasa safu ya chini. Ndiyo maana simwamini mtu anayekadiria mwendo wa upepo kwa kuhesabu paa zilizotoka. Paa lililochoka hutoka kwa kilomita 70, na lililopigwa vizuri hubaki kwa 110, ploti moja, ukuta mmoja.

Kuna jambo ninaloliona kila mahali Nairobi nami silipendi: mawe, matofali na tairi kuukuu kuwekwa juu ya mabati yasipeperuke. Tairi lina nafuu. Jiwe la kilo 5 halizuii bati linaloinuliwa kwa kilo 75, na bati likishainuka, jiwe linaanguka mahali ambapo watoto wamejificha. Vilevile, ukisikia ushauri wa kufungua madirisha ili upepo upite, usiufuate. Dirisha likiwa wazi upande unakotoka upepo, hewa inaingia, inajaa ndani na kulisukuma paa kwa chini wakati ya juu inalifyonza. Funga madirisha na milango yote.

Utajuaje kabla haijafika? Taarifa ya siku hiyo husema mvua ya radi na upepo mkali katika sehemu chache, na haitataja Utawala kwa jina, kwa sababu tukio la kilomita mbili na dakika tano ni dogo kuliko macho ya mitambo mingi ya utabiri. Picha ya setilaiti ya Meteosat huja kila dakika 10 hadi 15. Mporomoko unaweza kuanza na kuisha katikati ya picha mbili. Hata kipimo cha uwanja wa ndege kinaweza kusoma upepo wa kawaida huku kwenu mabati yakiruka, na vyote viwili vikawa kweli. Basi tegemea macho yako. Joto kali la alasiri, wingu lenye tumbo jeusi, pazia la mvua linaloning'inia chini yake bila kugusa ardhi, kisha ukuta wa vumbi jekundu unaokuja kasi kutoka upande huo na hewa inayogeuka baridi ghafla. Ukiona vumbi lile una dakika moja au mbili. Ingiza watoto ndani, kwenye chumba chenye slabu juu kama kipo, la sivyo kwenye chumba kidogo cha ndani mbali na vioo. Aliye kwenye kibanda chini ya bango la matangazo au mkalitusi aondoke. Wa boda boda asimame kando ya jengo imara, asikimbilie mti. Upepo ukiisha, waya wowote ulioanguka uhesabu kuwa una stima, hata kama mtaa mzima uko gizani.

Kuhusu fundi, mweleze kabla hajatoa bei kwamba unataka kingo zipigwe kuliko katikati. Safu ya chini, safu ya juu na pembeni zote mbili, kila mgongo wa bati upate msumari. Katikati anaweza kuruka mmoja. Kama bajeti inaruhusu, kingo zote ziwe za skrubu zenye mpira, maana skrubu haitolewi na jua. Kisha mwulize mbao zinazopigiliwa mabati zimeshikwa na nini kwenye ukuta. Hapo ndipo nyumba nyingi huanguka mtihani: mabati yanabaki kwenye mbao, lakini mbao zote zinaondoka na mabati. Zifungwe kwa ukanda wa chuma au waya nene uliozikwa kwenye mkanda wa zege wa juu ya ukuta, kila boriti, na sehemu inayotokeza nje ya ukuta ipunguzwe, futi moja inatosha. Mbao zilizooza au zilizotoboka matundu mengi usikubali zirudi juu, hata akikuambia bado ni ngumu. Na mabati uliyoyaokota kusini, yaliyonyooka yanaweza kutumika katikati ya paa. Kingoni weka mapya.